VLC imegoma kujisasisha, fundi anataka kupiga Windows upya: nimruhusu?

"Mwanangu fundi, hujambo? Mimi ni mwalimu mstaafu. Nyumbani nina kompyuta ya mezani yenye Windows 10, niliachiwa na mwanangu. Miaka yote natazama video kwa VLC, toleo 3.0.12. Ikawa kila nikiifungua inaniambia kuna toleo jipya. Nikikubali, inapakua mpaka mwisho, inajifunga, halafu kimya. Nikifungua tena ni ileile 3.0.12. Nimerudia mara nne, bando linaliwa tu. Mjukuu wangu akaja na VLC mpya kwenye flashi. Katikati ya kuiweka kikatokea kisanduku kimeandikwa 'Error opening file for writing', chini yake vitufe vitatu: Abort, Retry, Ignore. Tukabonyeza Retry mara mbili, ikagoma. Tukabonyeza Ignore, ikaenda mpaka mwisho. Tangu siku hiyo video zinatoa sauti bila picha, na unakuja ujumbe kwamba VLC imeshindwa kusoma h264. Fundi wa hapa mtaani anasema kodeki zimekufa, pengine ni virusi, na dawa ni kupiga Windows upya. Humo ndani mna video ya harusi yetu, mwaka juzi tuliihamisha kutoka kwenye mkanda, na mzee mwenyewe hayupo tena. Je, imeharibika? Nimruhusu fundi?"

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na la mwisho, maana naona ndilo linalokunyima usingizi. Usimruhusu, angalau mpaka video zako ziwe zimenakiliwa mahali pengine. Kwa dalili ulizonieleza, video ya harusi ni nzima. Katika hadithi yako yote kuna kitu kimoja tu chenye uwezo wa kuiua, nacho ni hiyo dawa uliyoandikiwa.

Kupiga Windows upya, kama inavyofanywa mitaani, ni kufomati diski C na kuanza moja. Folda ya Videos, Desktop, Downloads, zote kwa kawaida zinakaa humohumo kwenye C. Fundi muungwana hukuuliza kwanza una nini cha kuhifadhi. Mwingine ana kompyuta tano mezani na umeme wa kubahatisha, hakuulizi. Jioni unarudishiwa mashine inayong'aa, nyepesi, tupu.

Kwa hiyo leo, kabla ya jingine lolote, nakili video zote kwenye diski ya nje au flashi kubwa. Kisha ichukue ile ya harusi, ihamishie kwenye simu ya mjukuu, muifungue. Ikicheza kwa picha na sauti, umepata ushahidi kwamba faili ni zima. Ikikataa, bado usilie: simu nyingine hazijui kusoma aina fulani za video. Weka VLC ya simu kutoka duka la programu la simu hiyo, ujaribu tena. Programu ya kuchezesha video hulisoma faili tu, hailiandiki. Ikiharibika yenyewe, video inabaki ilivyo, kama kitabu kisivyopotea maandishi kwa sababu miwani yako imepasuka.

Sasa nikueleze kilichotokea. Maelezo yako kamili yamenirahisishia kazi, wengi huniandikia "VLC haifanyi" wakaishia hapo. Kwako naona matatizo mawili yaliyofuatana, na la pili lilizaliwa mlipokuwa mnajaribu kulitibu la kwanza.

La kwanza halikuwa kosa lako wala la kompyuta yako. VLC inatengenezwa na VideoLAN, shirika lisilo la faida lililoko Ufaransa, ambalo mizizi yake ni mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris ulioanza mwaka 1996. Toleo 3.0.12 walilitoa mapema mwaka 2021 likiwa na kasoro kwenye sehemu inayojisasisha. Sehemu hiyo ilikuwa inapakua faili jipya vizuri, inalikagua sahihi yake ya kidijitali kuhakikisha limetoka kwa wenyewe, inaifunga VLC ili kumpisha mgeni, halafu mgeni hafunguliwi mlango. Kisakinishi, yaani lile faili linaloiweka programu kwenye kompyuta, hakianzi. Toleo 3.0.13 nalo lilikuwa na ugonjwa uleule. Mei 2021 wakatoa 3.0.14 kuurekebisha, wakakiri wazi kwamba walioko kwenye matoleo hayo mawili itabidi waliweke jipya kwa mkono.

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Kama wamesharekebisha, mbona haijirekebishi? Ni kwamba anayetumwa kuleta toleo jipya ni toleo la zamani, lile lililomo kwenye mashine yako. Ni sawa na kumtuma mtoto asiyeijua njia akamlete mtu anayeijua. Ukimtuma mara nne atapotea mara nne, hata kama yule mtu yuko nyumbani anamsubiri.

Bando lako halikwenda bure lote, huenda. Kisakinishi cha VLC kina kama MB 40 hivi, na hupakuliwa kwenye folda ya muda ya Windows. Shikilia kitufe chenye alama ya Windows ukibonyeza R, andika %TEMP%, bonyeza Enter. Litafunguka bohari la takataka. Tafuta humo faili linaloanza na "vlc-" na kuishia na ".exe". Ukilikuta, ndilo lilelile ulilolilipia mara nne. Lihamishie Desktop, tutalitumia. Usipolikuta, Windows ilishafagia.

Tatizo la pili ni kile kitufe cha Ignore. Simlaumu mjukuu, kisanduku kile kimewahangaisha watu wazima wenye vyeti. Kwa Kiswahili kinakwambia: nimeshindwa kuandika faili hili mahali pake, niache kazi, nijaribu tena, au niliruke? Mkamwambia aliruke. Akaliruka, akamaliza mengine, akatangaza kazi imekwisha, na kweli ilikwisha ila kwa faili moja.

VLC si kipande kimoja. Lile faili la vlc.exe unalolibonyeza ni dogo, kama ofisi ya karani. Kazi yenyewe inafanywa na mafaili madogo mamia kadhaa yaliyomo kwenye folda inayoitwa plugins: hili linasoma DVD, lile linachora maandishi ya chini, jingine linafungua sauti. Miongoni mwao kuna moja zito, libavcodec_plugin.dll, ambalo ndilo hufumbua aina nyingi za picha, h264 ikiwemo, yaani mojawapo ya namna za kuifunga picha ndani ya faili la video. Chini ya maneno "Error opening file for writing" huwa kuna mstari mwingine wenye jina la faili lililogoma. Mstari huo hauko katika uliyoniandikia, lakini kwa ule ujumbe wa h264 uliofuata, ningeweka dau kwamba ni hilo.

Kwa nini sauti ipo na picha haipo? Faili la MP4 ni kapu. Ndani mna vifurushi viwili, cha picha na cha sauti, kila kimoja kimefungwa kwa namna yake na kinahitaji mfunguaji wake. Mfunguaji wa sauti yupo, wa picha hayupo au ni nusu. Ndiyo maana unasikia vigelegele vya harusi na huoni mtu.

Na kwa nini faili liligoma? Windows haikubali kuandika juu ya faili ambalo programu nyingine inalitumia wakati huo. Huwezi kukunja mkeka ambao mgeni bado ameukalia. Kwa kawaida mgeni huyo ni VLC yenyewe. Unaifunga, dirisha linaondoka, lakini nyuma ya pazia bado inapumua. Niliwahi kuhangaika karibu saa nzima na mashine ya mteja iliyokuwa inatoa kisanduku hichohicho. Kumbe ndani kulikuwa na vlc.exe tatu ziko hai, moja imekwama inajaribu kusoma DVD iliyokwaruzika ambayo mwenyewe alishaitoa. Mgeni mwingine anayewezekana ni antivairasi: kila faili jipya likitua, inalikamata kulipekua, na sekunde hizohizo kisakinishi nacho kinalitaka.

Kuhusu kodeki, yaani hao wafunguaji wa picha na sauti, fundi wako hajakosea kabisa, ila amepiga pembeni. Kweli anayekosekana ni mfunguaji wa h264, lakini VLC haitumii kodeki za Windows. Inakuja na zake mwenyewe, zimo ndani ya ile folda ya plugins. Ndiyo maana hata Windows mpya kabisa isingemrudisha: ukishaipiga, bado ungelazimika kuiweka VLC upya, na ni huko kuiweka upya ndiko kungekuponya. Basi tuiweke upya tu, Windows tuiache ipumzike. Vivyo hivyo usikubali kuwekewa zile pakiti za kodeki zinazozunguka kwenye flashi. VLC haizitazami, na nyingine zinakuja na abiria wasiolipa nauli. Virusi? Naviweka mwisho wa foleni, kwa sababu kila dalili yako ina maelezo bila wao. Shaka yangu moja iko kwenye lile faili la mjukuu, nami nitakuonyesha namna ya kulikagua.

Tufanye kazi. Ukiwa na mjukuu ni nusu saa.

Anza kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litatokea dirisha la Task Manager. Nenda kwenye "Details", shuka mpaka herufi ya V. Kila vlc.exe utakayoiona, ichague kisha "End task". Baada ya hapo washa upya kompyuta kwa kuchagua "Restart". Nasisitiza Restart. Ukizima kwa "Shut down", Windows 10 mara nyingi haizimi yote, inahifadhi sehemu ya hali yake kwenye diski ili kesho iwake haraka, na mafaili yaliyopangwa kufutwa wakati wa kuwaka upya yanaweza kuendelea kusubiri. Restart inaanza kweli.

Ikiwaka, usifungue kitu. Nenda Settings, kisha Apps, itafute "VLC media player", iondoe. Ukiulizwa kama ufute na mapendeleo na kashe, kataa, hayo tutayashughulikia baadaye kidogo. Kisha fungua diski C, ingia "Program Files", utazame kama folda ya VideoLAN bado ipo. Tazama na "Program Files (x86)" jirani yake. Hili la pili watu hulisahau: VLC ya biti 32 hukaa huko, ya biti 64 hukaa kule kwingine, na nimekuta kompyuta zenye zote mbili, mwenyewe anasasisha moja huku kila siku anaifungua nyingine. Folda ya VideoLAN popote utakapoikuta, ifute. Hiyo tu, jirani zake usiwaguse. Ikikataa kufutwa, bado kuna mgeni kwenye mkeka, rudia Restart.

Kuna kabati moja zaidi. Windows na R tena, andika %APPDATA%, Enter. Ukiona folda inayoitwa vlc, humo ndimo inamohifadhi mipangilio yako. Badala ya kuifuta, ibadilishe jina iwe vlc-zamani, ili kama kulikuwa na orodha zako za kucheza uweze kuzirudia.

Sasa faili la kusakinisha. Kama ulilipata kwenye folda ya muda, sawa. La sivyo pakua kwenye tovuti ya wenyewe, videolan.org, si kwenye matangazo yanayokuja juu ukitafuta. VLC ni bure, anayekudai hata shilingi mia ni tapeli. Liwe la flashi au la tovuti, likague hivi: bonyeza kulia juu yake, chagua "Properties", nenda kwenye "Digital Signatures". Jina la aliyetia sahihi liwe VideoLAN, na ukifungua "Details" Windows iseme sahihi iko sawa. Kama ukurasa huo haupo kabisa, au jina ni la mwingine, lifute na umuulize mjukuu alikolitoa.

Ukiridhika, bonyeza kulia, "Run as administrator", uendelee mpaka mwisho. Kile kisanduku kikirudi, safari hii usiguse Ignore. Andika mstari wa pili daftarini, bonyeza Abort, uiambie antivairasi ipumzike dakika kumi, urudie. Ukimaliza iwashe tena, usisahau.

Naamini harusi itaonekana. Pakitokea picha ya kijani au giza, bila ule ujumbe wa h264, hilo ni jambo jingine na si la kuogopa. VLC tangu toleo 3.0 la mwaka 2018 huikabidhi kadi ya picha kazi ya kufumbua video, ili prosesa ipumue. Kadi za zamani zenye draiva mbovu, yaani programu inayoiendesha kadi, hupokea kazi hiyo kisha zinaboronga. Nenda "Tools", "Preferences", kwenye "Input / Codecs", palipoandikwa "Hardware-accelerated decoding" weka "Disable", bonyeza "Save", funga na ufungue VLC. Gharama yake ni kwamba prosesa itabeba mzigo wote. Kwa video ya mkanda hutaona tofauti. Kwa video nzito za simu za siku hizi, za 4K, kompyuta yako inaweza kukwamakwama, na dawa hapo ni draiva mpya ya kadi ya picha.

Kuna njia fupi ningekwambia tangu mwanzo, ila nilitaka uelewe kwanza. VideoLAN wanatoa pia VLC ndani ya faili la zip. Unalifungua kwenye folda yoyote, unabonyeza vlc.exe iliyomo, inacheza, bila kusakinisha na bila kugusa Program Files. Kama bando linatosha, unaweza kujaribu hiyo hata kabla ya kufuta chochote, ukaiona harusi leo hii, kisha ukafanya usafi kesho kwa utulivu. Tatizo lake ni kwamba ukibonyeza video mara mbili haitafunguka yenyewe kwenye VLC hiyo mpaka uifundishe Windows, na kila toleo jipya utalileta kwa mkono.

Wapo wanaoniambia, kwa nini nisirudi tu kwenye 3.0.12 yangu, ilikuwa inanitosha? Inawezekana, na kwa anayetazama video zake mwenyewe hatari ni ndogo. Lakini VLC hufungua mafaili yanayotoka kila kona, na faili la video lililotengenezwa kwa hila linaweza kupenya kwenye tundu la programu ya zamani. Mwaka 2019 toleo 3.0.7 peke yake liliziba mianya zaidi ya 30, mingi ikiwa imefichuliwa na watafiti waliokuwa wanalipwa zawadi kwa fedha za Umoja wa Ulaya. Wajukuu wakiingiza flashi zao humo, mimi ningetaka jipya. Programu ya video ya Windows yenyewe nayo ipo, ila kwa video za HEVC, ambazo simu nyingi sasa hurekodi, mara nyingi itakutaka ununue nyongeza dukani kwa Microsoft.

Fundi wa ana kwa ana utamhitaji lini? Diski ikitoa mlio wa tik-tik, au kunakili video kukikwama katikati kila mara palepale. Hapo zima kompyuta, usiendelee kujaribu, mpelekee anayejua kuokoa data na mwambie hivyo kwa maneno hayo. Mwite pia kama na programu nyingine zinagoma kuwekwa, si VLC tu, maana hapo Windows yenyewe inaumwa. Au kama video haichezi kwenye simu mbili wala kwenye VLC ya zip. Au kama lile faili la flashi lilikosa sahihi na mlishaliendesha: hapo virusi vinapanda mbele ya foleni, na kupiga Windows upya kunaweza kuwa jibu sahihi kabisa, ilimradi nakala za video ziko nje na umezifungua ukaona zinacheza.

Siku ukimwita, msimamie pembeni kama ulivyokuwa unasimamia mtihani. Muulize, "Utafomati?" Akisema ndiyo, muulize, "Video zangu umeziweka wapi?" Akuonyeshe kwa kidole.

Na ule mkanda wenyewe, kama bado uko kabatini, usiutupe kwa sababu mmeshauhamisha. Uweke umesimama wima kama kitabu, ndani ya kasha lake, mahali pakavu, mbali na spika ya redio na jua la dirishani. Ukijaaliwa kupata deki nzima, unaweza kuhamishwa tena, pengine kwa picha safi kuliko hiyo mliyo nayo sasa.